Kozi wa Mnarani na Nyuki wa Mwembeni

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyekiumba kila kitu kwa kipimo chake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, katika shamba la wakfu la msikiti wetu mna mwembe mkubwa wa kale, na katika tundu la shina lake wameingia nyuki. Wamekuja wenyewe, hawakuitwa na mtu. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, baadhi ya ndugu zetu walikata shauri ya kuwachoma usiku, kama tulivyowachoma wenzao mwaka 2022, na debe la mafuta ya taa likanunuliwa. Wengine katika darsa yetu wakasema: La, ngojeni kwanza tulitazame jambo hili kwa ilimu na kwa sharia. Maneno haya ndiyo matokeo ya kutazama huko. Na kwa kuwa hatuwezi kusema juu ya nyuki wa mwaka huu bila kuyakiri tuliyowatenda wa mwaka ule, twaanza kwa kukiri.

Mwaka ule wa 2022, katika Ramadhani, vijana wa darsa yetu walikuwa wakikaa barazani baada ya tarawehe na kutazama katika simu kiota cha ndege. Kiota hicho kilikuwa mbali mno na sisi. Kilikuwa Marekani, katika jimbo la California, mji wa Berkeley, juu ya mnara wa saa wa chuo kikuu, ambao urefu wake ni futi 307. Tangu mwaka 2017 ndege wawili, mume na mke, walikuwa wakitaga huko juu, na mwaka 2019 wenyeji wakaweka kamera zenye kupeleka picha kwa njia ya intaneti, hata mtu aliye Mombasa au Lamu aliweza kumwona mama akiligeuza yai lake saa ile ile anapoligeuza. Kwetu ikiwa saa tatu za usiku, kwao huwa saa tano za asubuhi. Basi sisi tukimaliza kusali, jua lao lilikuwa limekwisha panda na kiota chote ki wazi.

Ndege hao ni kozi wa namna ile ambayo Waarabu huiita shahini, na ambayo kwa karne nyingi wameifuga kwa kuwindia. Shahini hajengi kiota cha vijiti kama kunguru. Hutaga juu ya changarawe tupu katika magenge marefu, na siku hizi katika minara na majumba ya miji, ambayo kwake ni kama magenge. Aghalabu mayai huwa matatu au manne, na mke na mume huyaatamia kwa zamu kiasi cha siku 33. Akimshukia njiwa kutoka juu, mwendo wake hupita kilomita 300 kwa saa, na hajulikani mnyama mwengine mwenye mwendo kama huo. Na ndege huyo huyo mwenye makucha ya kuua, akirudi kiotani hukunja vidole vyake asije akalitoboa yai.

Mzee mmoja wa darsa yetu, ambaye mwanzoni aliwakemea vijana kwa kushika simu katika mwezi mtukufu, alipoonyeshwa vidole vile vilivyokunjwa alinyamaza kitambo, kisha akasema: Subhanallah. Tangu usiku huo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza khabari za kiotani.

Na khabari zenyewe zilikuwa za kuliza. Mwisho wa mwezi wa Machi, siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani, yule kozi mume aliokotwa amekufa. Mke alikuwa ana mayai, na mke peke yake hawezi kuatamia na kuwinda kwa pamoja. Watu wa nchi nyingi wakadhani mayai yale yamepotea. Haikupita muda akaja mume mwengine, akakaa juu ya mayai aliyoyakuta, akashika zamu kana kwamba ni yeye aliyekuwapo tangu mwanzo. Mwezi wa Mei makinda wakatoka, weupe kama pamba. Mzee wetu akasema: Huyu ndege amewalea mayatima, na wangapi katika sisi wanaoacha mayatima wa ndugu zao wakalelewa na majirani? Neno lile liliwaingia watu, na wako waliotokwa na machozi.

Sasa sikilizeni, ndugu zetu, tulilolifanya sisi wenye machozi yale. Katika Mfunguo Mosi ule ule, makinda wa California wangali katika manyoya yao ya kwanza, mwana mmoja wa chuoni kwetu aliumwa na nyuki chini ya mwembe. Alivimba uso, akapona baada ya siku mbili. Usiku wa pili tukafunga matambara katika mti mrefu, tukayachovya katika mafuta ya taa, tukayawasha, tukayaingiza katika tundu la mwembe. Nyuki walitoka wakianguka chini kama mchele. Asubuhi tuliwafagia kwa makuti. Masega yalikuwa yamemwagika, asali imechanganyika na mafuta ya taa isifae kwa mtu wala kwa chungu, na ndani ya vijumba vya nta mlikuwa na majana yao, weupe, waliokuwa hawajapata mabawa. Upande mmoja wa mwembe ukababuka kwa moto. Hakuna mtu aliyelia. Jioni ile ile, baada ya Isha, tulirudi barazani kuwatazama makinda wa kozi.

Hilo ndilo tunalolikiri. Na swali linalotuuma ni hili: ilikuwaje nyoyo zile zile zikawa laini kwa kinda aliye nyuma ya bahari mbili, na ngumu kwa majana yaliyo katika mti wetu, yenye kutugusa kwa manufaa na madhara?

Jawabu tuliyoipata ni kwamba kozi tulimwona na nyuki hatukumwona. Kozi ana kamera, ana mama tuliyemjua, ana mume aliyekufa na mume aliyekuja. Nyuki hana hayo. Kwetu alikuwa ni mwiba wenye mabawa, basi. Huruma yetu ikawa yafuata macho, na macho hufuata kilicho kikubwa na kizuri. Lakini hukumu ya Mwenyezi Mungu haifuati macho yetu, wala dunia aliyoiumba haikuzuiwa na vile vikubwa peke yake. Na ushahidi mkubwa wa neno hili ni yeye huyo huyo kozi.

Yafaa mjue, ndugu zetu, kwamba kozi huyu tuliyemlilia alikaribia kutoweka kabisa katika nchi nyingi, na kilichomwangamiza zaidi ni dawa ya wadudu. Mwaka 1939 mtaalamu wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba dawa iitwayo DDT huua wadudu. Mwaka 1948 akapewa tuzo ya Nobel kwa hilo. Hatutaki kuidhulumu dawa ile: iliwaokoa watu wengi kwa kuua chawa wenye kuleta homa ya tifasi na mbu wenye kuleta malaria. Lakini watu walipoona inaua, waliimwaga bila ya kipimo, mashambani na misituni na mitaani, wakadhani kwamba kilichouawa kimekwisha.

Hakikuwa kimekwisha. Mdudu mwenye sumu kidogo aliliwa na ndege mdogo, na ndege mdogo hali mdudu mmoja, hula mamia. Sumu ile haitoki mwilini upesi, bali hukaa katika mafuta ya mwili na kuzidi. Kozi akamla ndege mdogo mmoja baada ya mwengine, akazikusanya sumu za wote katika mwili wake. Haikumwua mara moja. Ilimzuilia chokaa ya ganda la yai. Mama akataga mayai yenye maganda membamba, na alipoyalalia ili ayatie joto, yakavunjika chini yake. Fikirini, ndugu zetu: mama awaua wanawe kwa kule kuwaatamia, wala hajui.

Mwaka 1962 bibi mmoja wa Marekani, Rachel Carson, alitoa kitabu cha kuwaonya watu juu ya dawa hizi, na wenye biashara yake walimfanyia inadi kubwa. Mwaka 1967 mtaalamu wa Uingereza, Derek Ratcliffe, aliyapima maganda ya mayai yaliyowekwa tangu zamani akayalinganisha na ya siku zake, akathibitisha kwamba yalianza kuwa membamba katika miaka ya 1940, dawa ile ilipoanza kutumika. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, mashariki ya mto Mississippi, katika nchi ya Marekani, hakukusalia hata jozi moja ya shahini yenye kutaga. Mwaka 1975 jozi zilizojulikana zilikuwa 324.

Kisha watu wakatubu, na toba yao haikuwa ya ulimi. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilikataza DDT mashambani. Tangu mwaka 1970 profesa mmoja wa chuo kikuu cha Cornell, Tom Cade, pamoja na wafugaji wa kozi, walianza kazi ya kuwazalisha shahini kwa mkono. Makinda zaidi ya 6,000 wakalelewa na kuachiliwa katika magenge na juu ya majumba, miaka baada ya miaka. Mwaka 1999 shahini akatolewa katika daftari ya wanyama wanaokhofiwa kutoweka katika nchi ile. Kozi tuliowatazama barazani ni tunda la toba hiyo. Lau si wale waliopima maganda, na wale waliowalisha makinda kwa mkono, kamera ya mnara ule ingelionyesha changarawe tupu.

Sisi twachukua mafunzo mawili katika kisa hiki. La kwanza: anayemdharau mdudu asidhani kwamba dharau yake itakomea kwa mdudu. Sumu ilianza kwa kiumbe mdogo kabisa, ikapanda ngazi hata ikamfikia mfalme wa anga. La pili: watu walimrudia kozi kwa sababu walimwona, wakampenda. Sasa hao wadogo ambao hapana anayewatazama, ni nani atakayewarudia?

Na khabari za hao wadogo si njema. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walitangaza matokeo ya kazi ya miaka 27. Walikuwa wamewakusanya na kuwapima kwa mizani wadudu wenye kuruka katika mahali 63 palipohifadhiwa, si mashambani wala mijini, bali katika hifadhi. Uzito wa wadudu wale ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo tatu. Mwaka 2018 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza kutumia nje, katika mashamba ya wazi, dawa tatu za wadudu zilizothibitika kuwa na khatari kwa nyuki. Na mwaka 2016 jopo la kimataifa la wataalamu wa viumbe lilisema kwamba zaidi ya robo tatu ya namna kubwa za mimea ya chakula duniani yahitaji, kwa kadiri kubwa au ndogo, wanyama wa kuipandishia maua yake.

Tueleze maana ya neno hili kwa wale ambao si wakulima. Tazameni mboga isiyokosekana jikoni, boga. Mboga huo hutoa maua ya namna mbili, dume na jike. Ua jike utalijua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Katika ua dume mna unga wa manjano, ndio uitwao chavua, na unga huo ni lazima ufike katika ua jike. Ua hufunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limekwisha jifunga. Upepo haufai, kwa kuwa unga wenyewe ni mzito na wenye kunata. Ni nyuki, katika saa hizo chache, aingiaye ua hili akatoka amepakaa unga, akaingia lile. Asipokuja, kile kiboga hugeuka rangi kikaanguka, na mkulima husema: Mwaka huu maboga yameoza machanga. Hayakuoza. Hayakuzuriwa.

Na si maboga tu. Tikiti na tango ni hivyo hivyo. Mkorosho wazaa zaidi ukipata nyuki. Mwembe hutegemea nyuki na mainzi na wadudu wadogo wengine. Hata ule mbuyu, ambao watoto wetu hununua mabuyu yake yenye sukari na rangi kila Alasiri wakitoka chuoni, maua yake hufunguka usiku, na mwenye kuyazuru huku kwetu ni popo. Mahindi huchukuliwa unga wake na upepo, ni kweli, na kwa hiyo hatutakufa njaa siku moja nyuki wakitoweka. Lakini sahani itabaki na ugali, na kilicho kando yake kitapungua na kuwa ghali, na maskini ndiye atakayekikosa kwanza.

Basi tuyatazame haya kwa mizani ya dini yetu. Katika Qur'ani tukufu mna sura iliyoitwa kwa jina la nyuki, na humo Mwenyezi Mungu atueleza kwamba ni Yeye aliyemfunulia nyuki afanye majumba yake katika milima, na katika miti, na katika wanavyovijenga watu. Zingatieni neno la miti. Nyuki walioingia mwembe wa wakfu hawakuvunja nyumba ya mtu. Wamekwenda walikoamrishwa. Sisi ndio tuliowafanya kuwa wezi katika nyumba waliyopewa na Mola wao. Na katika Surat al-An'am twaelezwa kwamba hapana mnyama atembeaye katika ardhi, wala ndege arukaye kwa mabawa yake mawili, ila ni umati kama sisi. Hakutengwa mwenye makucha akaachwa mwenye mwiba.

Na Mtume wetu (S.A.W.) ametubainishia zaidi. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alikataza kuuawa wanyama wanne, na nyuki ni mmojawapo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira kisa cha Nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na chungu, akaamrisha kichuguu chote kichomwe, na Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuwa chungu mmoja alimwuma naye akauteketeza umati mzima unaomsabihi Mola wake. Enyi ndugu zetu, mwana wetu aliumwa na nyuki wangapi? Nasi tuliteketeza wangapi?

Lakini hadithi iliyotuvunja nyoyo katika darsa ni ile aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Ibn Masuud. Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume. Alipoondoka kidogo, wakaona ndege ana makinda wawili, wakawatwaa makinda. Mama akaja akipigapiga mabawa juu ya ardhi. Mtume aliporudi akauliza ni nani aliyemfajii ndege huyu kwa wanawe, akaamrisha arudishiwe. Kisha, katika safari hiyo hiyo, akaona kichuguu cha chungu kilichochomwa. Akauliza ni nani aliyekichoma, nao wakakiri kuwa ni wao. Akawaambia kwamba haimpasi yeyote kuadhibu kwa moto ila Mola wa huo moto.

Tazameni: safari ni moja, watu ni wale wale, na mambo ni mawili, ndege na makinda yake na wadudu waliochomwa. Ni kama kwamba hadithi hii ilipokewa kwa ajili ya baraza letu. Sisi twapenda kuisimulia sehemu ya kwanza, kwa kuwa ni tamu, na ile ya pili twaipita upesi. Mtume hakuipita. Aliwahurumia makinda, kisha akawaulizia chungu, na kwake yeye rehema ile ilikuwa ni moja. Nasi leo tukiulizwa ni nani aliyewachoma nyuki wa mwembeni, hatuna jawabu ila ile ya masahaba. Tofauti ni kwamba wao walikuwa hawajakatazwa, na sisi tumekwisha soma.

Twajua watakaosema: Je, watoto wetu waumwe? Swali hili ni la haki, wala hatulibezi. Nyuki wa nchi yetu ni wakali, na wakimrukia mtu kwa wingi huweza kumwua. Sharia haikutuamrisha kuyavumilia madhara. Lakini mafakihi wetu wametufundisha kwamba madhara huondolewa, wala hayaondolewi kwa madhara mfano wake, na mwenye kujikinga huanza kwa lililo jepesi. Lililo jepesi lipo. Katika nchi yetu kuna watu wafugao nyuki. Mtu wa kazi hiyo huja jioni na mzinga na moshi mdogo, akayatoa masega, akamtafuta malkia na kumtia mzingani, na wenzake humfuata. Hilo lahitaji kusubiri siku mbili tatu na kumlipa mtu ujira wake. Moto hauna fadhila juu yake ila wepesi na urakhisi, na wepesi si hoja mbele ya Mwenyezi Mungu.

Na watakuwapo watakaosema: Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuruzuku, akitaka ataleta nyuki wengine. Ni kweli, na mwaka huu amewaleta. Lakini kuitegemea rehema Yake huku twaichoma si tawakali, ni ufedhuli. Mwenye kuikata ngazi kisha akaomba apandishwe darini hakumtegemea Mungu, amemfanyia mzaha.

Na liko jambo la tatu, nalo ni la mila mbovu. Wako wanaowachoma popo na kuwapiga mawe bundi wakisema hao ni ndege wa uchawi na mikosi. Mtume wetu amekwisha tukatalia itikadi za mikosi, na miongoni mwake ni yale Waarabu wa ujahili waliyoyasema juu ya bundi. Popo hakuleta mkosi kwa mtu. Ameleta mabuyu. Muislamu anayeogopa bundi juu ya paa kuliko anavyoogopa dhulma ndani ya nyumba, na aitazame tena imani yake.

Basi darsa yetu, baada ya kushauriana, yawaomba wasimamizi wa wakfu na ndugu zetu wote mambo haya manne.

Kwanza, nyuki wa mwembeni wasichomwe. Aitwe mfugaji nyuki, nao wahamishiwe katika mzinga mwisho wa shamba, mbali na njia ya watoto wa chuo. Mpaka siku hiyo watoto wasicheze chini ya mwembe. Ujira wake umekwisha changwa, na asali itakayopatikana iwe ya wakfu, iuzwe kwa manufaa ya chuo.

Pili, wenye mashamba wasipige dawa juu ya maua yaliyofunguka, khasa asubuhi, ambazo ndizo saa za nyuki. Ikiwa hapana budi, iwe magharibi nyuki wamekwisha rudi, na kwa kipimo kilichoandikwa, wala si kwa kukisia. Na dawa isiyokuwa na maandishi, iliyotiwa katika chupa ya soda, isinunuliwe.

Tatu, kila mwenye ua au kiwanja aache mahali padogo pa mimea yenye maua, pasifyekwe wala pasichomwe. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas kwamba Muislamu akipanda mti, kila akilacho humo mtu au ndege au mnyama huandikwa kuwa ni sadaka yake. Ni biashara gani iliyo rakhisi kuliko hii?

Nne, walimu wa vyuo wawapeleke watoto shambani alfajiri moja, wawaonyeshe ua dume na ua jike la mboga, na nyuki aingiapo na atokapo. Hatuwakatazi vijana kuwatazama kozi katika simu. Kutazama maumbile ya Mwenyezi Mungu kwa kutafakari ni ibada, na sisi wenyewe tulifaidika kwa kutazama kule. Lakini macho yaliyofunzwa huruma na kozi wa mbali, yasipoishusha huruma hiyo kwa nyuki wa karibu, kutazama kwake kutakuwa ni starehe tu, na pengine kutakuwa ni hoja juu ya mwenyewe siku ya kuulizwa.

Mwembe wa wakfu una kovu jeusi upande mmoja, na kila anayekwenda kutawadha hulipita. Mwaka huu nyuki wengine wamekuja wakaingia katika mti ule ule tuliowachomea wenzao. Si kila mwenye kukosa hurudishiwa jambo lake mkononi mara ya pili ili aonekane atafanya nini. Sisi tumerudishiwa. Debe la mafuta ya taa lingali nyuma ya msikiti, halijafunguliwa. Twaomba lirudishwe dukani.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyafanya kwa ujinga na tuliyoyafanya kwa ghadhabu. Utujaalie rehema yako ituenee sisi na kila ulichokiumba, kikubwa na kidogo, tukionacho na tusichokiona. Utupe macho yenye kuzingatia, na mikono yenye kuzuilika. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.